Seli za ubongo "hugundua", "huhisi" au "huitikia" hewa ukaa?

Swali: Katika makala ya afya niliandika, "Seli za shina la ubongo hugundua hewa ukaa na kumfanya mtu apumue." Mhariri akaibadili ikawa "huhisi upungufu wa oksijeni". Nani kakosea?

Jibu: Nyote wawili, ila kosa la mhariri ni zito zaidi, kwa sababu limeharibu maana yenyewe.

Kugundua ni kupata kujua jambo lililokuwa limejificha. Ukishaligundua, limekwisha, huligundui tena kesho. Seli hizi hazina mapumziko, usiku na mchana, kwa hiyo kitenzi hicho hakizifai. Kuhisi kinakaribia, lakini kina tawi la kudhani ("nahisi ameshaondoka"), na mwenye kuhisi ni mtu. Naye mtu haihisi hewa ukaa iliyomo katika damu yake. Anachohisi ni haja ya kuvuta pumzi.

Tazama kinachotokea, kitenzi kitajileta chenyewe. Hewa ukaa hupenya kwa urahisi kizuizi kinachotenga damu na ubongo, ilhali ioni za haidrojeni (chembe zinazoleta uasidi) zilizo katika damu hupenya kwa shida. Ikishaingia huungana na maji, ikawa asidi ya kaboniki, nayo asidi hiyo humeguka na kuacha ioni za haidrojeni mlemle ndani. Hizo ndizo hasa zinazozigusa seli. Kundi mashuhuri la seli hizo liko upande wa mbele wa medula, yaani sehemu ya chini ya shina la ubongo, karibu kabisa na uso wake. Utando wake una vijitundu vya protini vya kupitishia potasiamu, kimojawapo kikiitwa TASK-2. Asidi ikipanda, vijitundu hivyo hufunga. Potasiamu hupungua kutoka, seli huchangamka na kufyatua ishara kwa kasi kwenda kwenye mtandao unaopanga mwendo wa pumzi, na kutoka huko hadi kwenye kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia.

Hapo pana kichocheo na jibu, bila kujua wala kudhani. Kiswahili kina neno lake: kuitikia. Ila angalia kihusishi. Seli "huitikia asidi", si "huitikia kwa asidi". Ukiweka "kwa", asidi inageuka kuwa chombo cha kuitikia. Kutambua nako kunakubalika pale unapozungumzia upokeaji wa ishara tu.

Sasa oksijeni. Walinzi wake wakuu hawako kwenye shina la ubongo bali shingoni, kwenye vijivimbe vidogo vilivyo pale ateri za karotidi (mishipa mikubwa ipelekayo damu kichwani) zinapogawanyika, na kelele zao huwa kubwa shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri likishuka chini ya takriban milimita 60 za zebaki. Shinikizo la hewa ukaa kwa kawaida huwa karibu na milimita 40, na likipanda kidogo tu pumzi huongezeka papo hapo. Ndiyo maana mzamiaji anayehema kwa nguvu kabla ya kupiga mbizi yumo hatarini: ameipunguza hewa ukaa, haja ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha, anazirai majini bila onyo. Sentensi ya mhariri haiwezi kueleza kifo cha namna hiyo. (Anapokuwa chini huko, mzamiaji anabana pumzi. "Kushikilia pumzi" ni tafsiri ya kigeni.)

Hata "kumfanya mtu apumue" kunahitaji kurekebishwa, maana mwendo wa pumzi huanzishwa na mtandao ule mwingine; seli hizi huuongezea au kuupunguzia nguvu. Andika: "Seli za shina la ubongo huitikia asidi inayotokana na hewa ukaa, na hivyo kuongeza kasi na kina cha pumzi."

Kuhusu jina la gesi, "hewa ukaa" na "kaboni dioksaidi" yote sawa, mradi uchague moja na ulifuate hadi mwisho. Usiandike "gesi ya kaboni" pekee. Msomaji anaweza kuielewa kuwa kaboni monoksaidi, ambayo seli hizi haziiitikii, na ambayo huweza kumuua mtu aliyelala bila hata kumfanya aheme.