Dawa ya akili nimpe vijiko vingapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu hapa Tanga. Hesabu anamaliza wa kwanza, kisha anapiga soga na wenzake, au anatazama dirishani mpaka mwalimu amwite mara tatu. Ripoti imesema: "Ana akili ila hajatulia." Akitoka shule anakwenda madrasa, kisha twisheni. Analala saa 5 usiku, anaamka saa 11 alfajiri. Jirani kaniuzia chupa ya dawa ya akili kwa shilingi 35,000. Nimpe vijiko vingapi kwa siku? Mama Nasra, Makorora.

JIBU: Marahaba, Mama Nasra. Hata kimoja usimpe.

Chupa hizo nazijua. Kila matokeo ya mitihani yakitoka zinaingia chumbani kwangu ndani ya mikoba ya kina mama. Lebo ina picha ya ubongo, na maelezo yanadai inatibu usahaulifu, kikojozi na kukosa hamu ya kula, vyote kwa kijiko kimoja. Hakuna sharubati ya kuongeza akili. Ingekuwepo, ningeinywa mimi nilipokuwa chuoni.

Ila muuzaji haniudhi kama ile imani inayompa wateja: kwamba mtoto mwenye akili sharti atulie kama maji ya mtungini, na akizubaa basi kuna kitu kimemwingia. Nasra kamaliza hesabu 10, wenzake wako ya 4, darasa limejaa pomoni. Afanye nini kama si kuongea?

Kuzubaa ndiko kunakotaka jicho. Akizubaa tena usimfokee, mguse bega. Akishtuka na kukusimulia alichokuwa anawaza, hayo ni mawazo tu. Lakini mtoto akikatika katikati ya sentensi, macho yameganda, kope zinachezacheza, unamgusa hana habari, kisha baada ya sekunde kumi hivi anaendelea na shughuli yake, huyo mpeleke hospitali. Kipo kifafa cha namna hiyo. Hakiangushi mtu wala hakitoi povu, ndiyo maana watu hawakijui.

Niliwahi kuletewa mvulana wa darasa la pili kutoka upande wa Pangani. Alikuwa amechapwa, amefukizwa, amemaliza chupa tatu za hiyo dawa yenu. Nikampa kipande cha karatasi akipulize mfululizo mbele yangu (nyumbani msijaribu). Dakika mbili hazijafika, karatasi ikatulia. Mdomo wazi, macho ukutani. Mama yake akasema, "Unamwona, dokta? Ndiyo ukaidi wenyewe huo." Hajamaliza kusema, mtoto akarudia kupuliza. Sasa anatumia dawa halali za kifafa. Muda wote ule wa chupa na fimbo ulikuwa muda wa ugonjwa kumla masomo.

Wengine shida ni sikio. Linatoa usaha, linakauka, linatoa tena, mtoto anasikia nusu nusu na kuitwa mjinga. Halafu wako wanaosoma simu dakika tano wakatangaza kuwa mtoto ana ugonjwa wa kutotulia. Ugonjwa huo upo, lakini hautambuliwi kwa ripoti ya shule peke yake: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu miezi 6 au zaidi, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Anayekuuzia kitu bila kuuliza hayo anatafuta hela yako.

Nikirudi kwa Nasra: kwa ulivyoniandikia mwenyewe, usingizi wake ni wa saa 6 tu kwa usiku. Umri wake unataka zisipungue 9. Twisheni iondoe, anayemaliza hesabu wa kwanza anakwenda kufundishwa nini huko? Mwombe mwalimu amkalishe mbele, na akimaliza kazi apewe madaftari agawe. Mlaze saa 2 usiku kwa wiki tatu, kisha mlete tumpime masikio na macho. Na chupa njoo nayo. Ninazo kumi na moja dirishani.