Ukienda Alps, gari liache nyumbani

Kila kiangazi kundi letu la Wabongo tunaoishi Ujerumani likianza kupanga safari ya milimani Uswisi, swali la kwanza ni lile lile: nani ana gari? Nami huwajibu vile vile: pandeni treni. Mtu anajisifu kwa chupa yake ya chuma isiyochafua mazingira, huku akichoma petroli toka Frankfurt hadi huko na kurudi!

Isitoshe, vijiji vizuri zaidi gari halifiki. Zermatt, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478, magari ya petroli ni marufuku. Wenye nayo huyaacha Täsch, wakalipia maegesho, kisha wanabanana na sisi kwenye treni ile ile. Wengen na Mürren nako ni treni au kigari cha kuning'inia kwenye waya.

Nauli ni ghali, sikatai. Ila kuna kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja kwa wageni, inayokubalika kwenye treni, mabasi ya manjano ya posta, meli za ziwani na vigari vingi vya waya. Ukishafika, tulia sehemu moja. Mimi napenda Bettmeralp, kwa sababu ukipanda juu yake unauona Aletsch, mto wa barafu wa kilomita 20 hivi, mrefu kuliko yote ya Alps. Tazama kuta za bonde: juu mimea imeshamiri, halafu ghafla unaanza mwamba mweupe uliokwaruzwa, karibu mtupu, hadi kwenye barafu. Pale mimea inapokoma ndipo barafu ilipofika katikati ya karne ya 19. Niliyempeleka pale sijawahi kuhitaji kumhubiria habari za mazingira.

Vibao vya njia ni vya manjano na huandika saa, si kilomita. Saa hizo ni za mtu anayetembea bila kupumzika, kwa hiyo jiongezee. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, inataka viatu vya maana. Ukiona nyeupe-buluu-nyeupe na hujazoea miamba, geuza. Njia ikipinda-pinda, pinda nayo. Wanaokata kona ndio wanaoua majani, mvua ikija udongo unaondoka.

Kulala, jaribuni vibanda vya wapanda milima. Weka nafasi mapema, na kama huli nguruwe sema hapo hapo. (Unga na mwiko viacheni, anapika mwenye kibanda.) Viatu vinabaki mlangoni, na lazima uje na shuka lako la mfuko, maana mablanketi hayafuliwi kila siku. Usitegemee kuoga. Maji huko juu ni ya theluji iliyoyeyuka, na vibanda vingi huletewa chakula kwa helikopta, kwa hiyo takataka zako shuka nazo mwenyewe. Wapagazi kama wale wagumu wa Kilimanjaro huku hakuna, begi ni mgongoni kwako.

Ng'ombe wenye ndama wapisheni mbali, hasa kama mna mbwa. Na kabla ya kuanza kupanda, piga picha ratiba ya basi pale kituoni, kwa sababu mabondeni la mwisho huwahi kuondoka na teksi ya huko itakuliza.