Kigari cha gofu kipandishe kwenye tela

Kaka, umeuliza kama unaweza kukivuta kigari cha gofu cha umeme kwa magurudumu yake nyuma ya gari-nyumba, Tanga hadi Bagamoyo. Usithubutu. Kimeundwa kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa, na mota imeungana na magurudumu: ukikikokota kwa kasi, unaiunguza.

Tafuta tela. Kigari chenye betri za risasi hufika kilo 400, hata 500. Jumlisha na uzito wa tela, ulinganishe na uwezo wa kuvuta wa gari lako. Wengi hukadiria kwa macho, wakifika mlimani klachi inanuka.

Kikishapanda, kanyaga breki ya kuegesha mpaka ijifunge, weka kabari, kisha funga mikanda minne kwenye chasisi. Nguzo za paa usiziguse, ni za kubeba paa tu zile. Kioo cha mbele kivue. Uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli ya tela (mhimili wa magurudumu yake), la sivyo tela litayumba.

Pitia Segera, ukifika Msata kata kushoto. Matuta ni mengi. Ukishavuka machache, simama ukaze mikanda upya.