Pikipiki ya kabureta mbili: resi haishuki

SWALI: Assalaam aleykum, fundi. Nina pikipiki ya zamani ya silinda mbili, kabureta mbili. Asubuhi haina tabu, lakini nikitoka Wete, hata kabla ya Chake Chake, nikiachia resi mshale wa mizunguko ya injini unabaki 3,000 kwa dakika. Nimelegeza skrubu ya sailensa (ile ya kupanga mnguruma wa injini ukiwa hujavuta resi) mpaka mwisho, wapi! Ninunue kabureta nyengine?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Usinunue, na hiyo skrubu iache. Kazi yake ni kuzuia vipepeo vya kabureta, yaani vile vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, visifunge kabisa. Ikiwa haigusi tena na injini bado inakimbia, basi ama kuna kitu chengine kinachovizuia, ama hewa inaingia kwa njia ya panya.

Anza na waya wa resi. Injini ikiwa inanguruma, pinda usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya umekaza au umepita pabaya. Mkono wa resi uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta. Tazama na choki pia. Kwa hewa yetu ya chumvi waya wake hushika kutu, ukadhani umeirudisha kumbe imebaki nusu.

Hapo pakiwa salama, mimi naishuku mipira inayounganisha kabureta na injini. Joto huikausha ikapasuka ndani ya mikunjo, na ufa huuoni mpaka uubinye kwa vidole. Hewa ikizidi petroli, resi hugoma kushuka. Asubuhi choki inaongeza petroli, ndiyo maana ugonjwa unajificha.

Injini ikishapata moto, chukua chupa ya kupulizia, nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira mmoja, subiri, kisha wa pili. Resi ikishuka au ikiyumba ghafla, hapo ndipo penye ufa. Wako wanaotumia petroli kwa kazi hii. Nakusihi usithubutu, bomba la moshi liko pale pale. Pima pia vifuniko vidogo vya mpira kwenye vitundu vya kulinganishia kabureta. Navyo hupasuka, na watu huvisahau.

Ufa usiuzibe kwa silikoni ya kawaida, petroli huilainisha na vipande vikavutwa ndani. Badilisha mipira yote miwili.

Baada ya hapo ndiyo urudi kwenye skrubu, injini ikiwa moto, mpaka mshale usome kama 1,200. Resi ikiendelea kuchelewa kushuka, jeti ndogo za sailensa, yaani vitundu vya kupitishia petroli ukiwa hujavuta resi, zina uchafu: zisafishwe zote mbili, kisha fundi alinganishe kabureta kwa geji.