Wodi ya plastiki haina plastiki

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa plastiki katika hospitali ya kufundishia, mwaka wake wa 19 kazini.

*Binti yangu alitumbukiza mkono kwenye maji ya moto mwaka jana akiwa na miaka minne. Kidonda kilipona, lakini vidole viwili vimejikunja na havinyooki. Tumeandikiwa rufaa twende plastiki. Baba yake anasema mtoto hatawekewa plastiki mwilini, na kwamba hayo ni mambo ya urembo. Tufanyeje?* – Mama wa binti

Mama, mwambie baba mtoto kuwa plastiki tuliyo nayo humu wodini ni ndoo na mabeseni. Jina letu limetoka kwenye neno la Kigiriki, plastikos, maana yake ni kitu cha kufinyanga, cha kuumba. Daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alilitumia mwaka 1818 alipoandika kuhusu kutengeneza pua upya. Bakelite, plastiki ya kwanza ya kiwandani isiyotokana na mmea wala mnyama, ilikuja mwaka 1907. Watu wa ndoo ndio waliotukuta na jina hilo.

Sasa mkono. Kovu la moto lina tabia ya kujivuta. Kidonda kinafunga, nyumba nzima mnashukuru, kumbe chini kwa chini kovu linaendelea kukaza kwa miezi, kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Likiwa mgongoni halina madhara makubwa. Likipita juu ya kiungo, iwe kidole, kiwiko, kwapa au shingo, linakikunja. Na kwa mtoto kuna la ziada: mfupa unarefuka, kovu halimfuati kwa kasi ile. Kwa hiyo msingoje akue kwanza. Nendeni na hiyo rufaa kabla karatasi haijachakaa.

Daktari atalikata kovu mpaka vidole vinyooke. Vikinyooka panabaki pengo, nalo litazibwa kwa ngozi yake mwenyewe. Kwa viganja vya watoto mara nyingi huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi nzima, kwenye kinena kwa mfano, kisha pale ilipotoka panashonwa na kubaki mstari. Ngozi nzima hujivuta kidogo kuliko ile nyembamba. Kwa majeraha mapana hukatwa utando wa juu tu, kama robo ya milimita, na paja lililotoa linaota ngozi yake upya kwa wiki mbili hivi.

Mimi ninalo paja la namna hiyo. Niliungua mguu nikiwa na miaka 9, na mpaka leo nina mstatili uliofifia juu ya goti la kulia, kama mtu aliyebanduliwa stika. Watu huniuliza habari za kovu la mguuni. Lakini lililoniliza ni hilo la pajani, maana pale ngozi inapochukuliwa, ncha za mishipa ya fahamu hubaki wazi, na panauma kuliko pale ilipopandikizwa. Wakichukua ngozi ya paja la binti yako, naye akalia ameshika paja badala ya mkono, hajachanganyikiwa. Mwombee dawa ya maumivu, na uiombe kwa sauti ya kusikika.

Ngozi ikishapandikizwa, haina damu yake. Siku mbili za mwanzo inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake, halafu vimishipa vinaanza kuungana. Kwenye siku ya tano hivi tunafungua bandeji kuona kama imeshika. Kabla ya hapo isisogee hata kidogo. Nilikuwa na mgonjwa mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aliyechungulia siku ya tatu, "naangalia tu, sista". Ngozi ikatoka na bandeji. Tukarudi naye teatri, chumba cha upasuaji.

Halafu inakuja kazi yako wewe, nayo ni ndefu kuliko ya daktari. Splinti, yaani kibao cha kunyooshea vidole, ataivaa usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kisha usiku tu kwa miezi. Mazoezi kila siku. Mafuta na kulisugua kovu kila siku. Pengine atapewa glavu ya kubana ya kuvaa saa 23, yaani inavuliwa akioga. Atalia, na wewe utamwonea huruma. Wengi wa watoto wanaoturudia vidole vikiwa vimejikunja tena, ukiuliza splinti iko wapi, iko kabatini. Mtaalamu wa mazoezi aufanyie mkono wako kwanza, uhisi anavuta kwa nguvu kiasi gani, ndipo umfanyie mtoto. Na akifika umri wa kurefuka ghafla huenda akahitaji kurudi teatri. Hilo likitokea, haina maana kuwa mlishindwa.

*Nilitoboa sikio tundu la pili, pakaota kinundu kama harage. Nilikatwa, kikarudi kikubwa zaidi. Nikatwe tena?* – Dada wa hereni

Kukatwa peke yake hakutoshi, dada. Hiyo ni keloidi. Kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi inavuka mpaka na kwenda kwa jirani. Ukiikata bila kitu kingine, umeipa kidonda kipya cha kuotea. Kwa kawaida tunakata na kuchoma sindano za steroidi, dawa ya kusinyaza kovu, palepale, halafu sindano zinaendelea kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na kibanio cha kuliminya sikio. Sindano inauma, sitakudanganya. Na sehemu za masikio zilizobaki bila tundu, ziache.

*Nilivunjika mguu kwenye ajali, mfupa wa muundi uko wazi. Wanataka kutoa nyama na ngozi pajani waje kuziba. Kila asubuhi wanakuja watu kumi kunizunguka, wengine watoto wa juzi. Nani hasa atanipasua? Naruhusiwa kukataa?* – Kitanda cha 6

Kaka, hao kumi si daraja moja. Wale wa nyuma kabisa, wenye vidaftari, ni wanafunzi wa udaktari; hawakupasui. Kuna madaktari wa mafunzo ya vitendo, hao ndio wanaokutoa damu na kukimbiza majibu. Kuna wanaosomea ubingwa: ni madaktari kamili, wamefanya kazi miaka kadhaa na kurudi darasani. Na kuna bingwa, yule anayeuliza maswali huku wote wamenyamaza. Huyo ndiye mwenye dhamana ya mguu wako.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa uliza hivi: "Nani ataongoza, na nani atashika kisu sehemu gani?" Wakizungukazunguka, rudia swali. Kukataa kukaguliwa na wanafunzi ni haki yako, na hakutakiwi kukupunguzia matibabu. Ningekuwa ndugu yako, hata hivyo, ningekuomba usiwafukuze wote, na nitakwambia kwa nini.

Upasuaji unaousubiri unaitwa flapu huru. Nyama inakatwa kabisa pajani ikiwa na mshipa wake wa kuleta damu na wa kuirudisha, na mishipa hiyo, yenye upana wa milimita mbili au tatu, inaunganishwa na ya muundini chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Teatri inaweza kuchukua siku nzima. Kisha flapu inalindwa kama mtoto njiti: saa 24 za kwanza muuguzi anaikagua kila saa. Joto lake, rangi yake. Ukiibonyeza kwa kidole inageuka nyeupe, unahesabu inachukua muda gani kurudi.

Usiku mmoja, saa tisa, niligusa flapu ya kijana mmoja nikaona rangi yake inaelekea zambarau, na nikibonyeza inarudi upesi mno. Bingwa yuko kwake amelala. Aliyekuja mbio, shati nje, ni daktari wa mwaka wa pili wa ubingwa. Akaichoma kwa ncha ya sindano. Badala ya damu nyekundu ikatoka nyeusi, nzito. Damu inaingia, haitoki. Akasema neno moja tu, "Donge," akapiga simu, na kabla ya saa kumi kijana alikuwa mezani, mshipa wa kurudisha damu umefunguliwa na donge limetolewa. Flapu ilipona. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimemkuta daktari huyohuyo kwenye darubini ya mazoezi, anashona mpasuko kwenye kipande cha glavu, anaukata, anaushona tena. Nikamwambia chai yake imepoa. Hakunisikia.

Fani hii imerithishwa hivyo, watu kutazamana mikono. Daktari Harold Gillies aliwatengeneza nyuso askari zaidi ya 5,000 wa vita ya kwanza ya dunia kwenye hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Jamaa yake, Archibald McIndoe, akajifunza kwake, na vita ya pili ilipokuja ndiye aliyewatibu marubani walioungua. Naye alianza kwa kusimama pembeni ya meza.

Jambo ambalo hukuuliza: kama unavuta sigara, acha leo. Nikotini inabana mishipa, na mishipa ndiyo tunayoitegemea. Usimfiche daktari wa nusukaputi, na usimtume mgeni wako akuletee moja ya kuagana nayo.

*Je, mnapunguza pua?* – Asiyetaka jina

Tunapunguza. Tunajenga na zile ambazo hazipo tena, na wenye hizo wanatangulia kwenye foleni.

*Mjukuu wangu ana wiki tatu. Amezaliwa na mdomo uliopasuka, na ndani, juu, pana uwazi. Hospitali wamesema turudi baada ya miezi. Kwa nini wasimshone sasa? Watu wanamwambia mama yake kuna jambo alilifanya akiwa mjamzito.* – Bibi

Shikamoo bibi. Nianze na hao watu. Mdomo wa mtoto tumboni huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya ujauzito, kaakaa muda mfupi baadaye. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Mkamwana wako, au binti yako, asikalishwe kikao kwa hilo.

Kusubiri si kupuuzwa. Kwa mdomo, wapasuaji wengi wanafuata kanuni ya zamani ya makumi: wiki kama 10, ratili 10 za uzito, ambazo ni kilo nne na nusu, na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 10. Mtoto mdogo kuliko hapo nusukaputi inamlemea. Kaakaa huzibwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, ili liwe tayari maneno yanapoanza. Kisha ataonwa na mtaalamu wa matamshi, daktari wa meno, na daktari wa masikio, maana watoto hawa hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Uzuri wa hospitali ya kufundishia ni kwamba hao wote mara nyingi wako jengo moja. Mkienda, ulizeni kama ipo siku wanayokaa kliniki pamoja.

Kwa sasa kazi yenu ni uzito. Hawezi kunyonya vizuri kwa sababu hewa inapenya juu, mdomo haushiki. Mama akamue maziwa, mpeni kwa kikombe kidogo au kijiko, kidogokidogo, akiwa amekaa wima na si kulazwa. Mcheusheni mara nyingi, anameza hewa nyingi. Maziwa yakitokea puani msitaharuki, mfuteni, mpumzisheni, mwendelee. Akikohoa sana, akipaliwa, au akichoka kabla hajashiba, msingoje tarehe ya kliniki. Na mpimeni kila wiki kwenye mzani uleule, muandike kwenye daftari. Mje nalo.