Kabla Hujatupa Mbegu za Pilipili za Miaka Minane

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba aliloweka nusu ya pakiti ya mbegu za nyanya za mwaka 2018 katika glasi ya maji kwa siku tatu, zikaanza kunuka, naye akaniuliza kama aitupe na nusu iliyobaki. Niliusoma ujumbe wake mara mbili, kwa sababu kosa hilo nimelifanya kabla yake, na mpaka leo linaniuma.

Mwaka 2016 nilivuna pilipili kali kutoka katika mmea mmoja niliokuwa nikiupenda kuliko yote, nikazikausha mbegu zake kivulini, nikazihesabu zikawa 38, nikazifunga katika bahasha ndogo. Aina ile sikuipata tena. Bahasha ilikaa kwenye droo miaka minane, na nilipoitaja mbele ya mtu ninayeuheshimu ujuzi wake wa bustani, alicheka akasema kwamba nimehifadhi vumbi. Maneno yale yalinikaa kifuani. Nilitaka kumthibitishia kwamba amekosea, na pupa hiyo ndiyo iliyoniponza: nilizitumbukiza mbegu 26 katika glasi ya maji na kuziacha humo siku mbili, nikiamini kwamba kitu kilichokauka kiasi kile kinahitaji maji mengi. Nilipozirudia, maji yalikuwa yamechafuka kama yaliyotiwa maziwa kidogo, na nilipoiminya mbegu moja kwa ukucha ilipasuka ikatoa uji mweupe. Zote 26 ziliharibika vivyo hivyo.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kadiri mbegu inavyozeeka, utando wa seli zake hudhoofika, na maji yakiingia kwa kasi utando huo huchanika kabla haujapata muda wa kujirekebisha, kisha sukari iliyokuwa ndani huvuja na kuwa chakula cha kuvu na bakteria. Zaidi ya hayo, mbegu inayoamka hupumua, na katika maji yaliyotulia hewa ya oksijeni ni haba. Mbegu mpya huweza kuyavumilia hayo, lakini kongwe hushindwa. Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji, usiizamishe mbegu ya zamani.

Zile 12 zilizosalia nilizitendea kwa adabu. Nilizipanga juu ya kipande cha wavu, nikakiweka ndani ya kopo lenye maji kidogo chini bila mbegu kuyagusa, nikalifunika siku mbili ili zinywe mvuke polepole. Kisha nikazihamishia kwenye karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe tone, ndani ya chombo nilichokuwa nikikifunua kila siku, mahali penye joto la nyuzi 27 hivi. Pilipili hupenda joto la kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi ili ziote. Siku ya tisa hapakuwa na kitu. Siku ya 14 nilikiona kijimzizi cheupe, chembamba kama uzi, kikichungulia pembeni mwa ganda, na sikuona aibu kumwita kila aliyekuwa nyumbani aje kukitazama. Kufikia siku ya 24 zilikuwa zimeota mbegu nne, na nne zilinitosha.

Subira ndiyo dawa hapa, nami nitalirudia neno hilo hata kama litakuchosha. Mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa za mbegu huko Michigan, Marekani, mwaka 1879, na chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Zilikuwa za magugu, ambayo ni magumu kuliko pilipili zetu, lakini je, wewe unakata tamaa baada ya juma moja?

Miche ilikua taratibu. Niliimwagilia kutoka chini, nikaacha uso wa udongo ukauke kidogo kila mara, kwa kuwa mche dhaifu hauhimili kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, na ulipopata jozi mbili za majani halisi ukawa tayari kuhama. Hapo nilikosea tena: mmoja niliuvuta kwa shina, nikasikia kitu kikipondeka katikati ya vidole vyangu, na kesho yake ulikuwa umelala. Shika jani, usishike shina, maana jani likikatika litaota jingine.

Mitatu iliyobaki niliihamishia kwenye mifuko ya kitambaa ya lita 20. Katika chungu cha plastiki mizizi hufika ukutani ikaanza kuzunguka, ilhali katika kitambaa ncha ya mzizi hukutana na hewa, hukauka, na nyuma yake huchipuka mizizi mingine mingi. Hata hivyo kitambaa hukausha udongo haraka kutoka pande zote. Juma la kwanza nilimwaga maji kwa mkupuo, yakatelemka pembeni na kutokea chini, nikaridhika, kumbe kitovu cha udongo kilikuwa kikavu kabisa. Mwaga kidogo, subiri, mwaga tena, kisha uinue mfuko kwa mkono ili uzito wake ukuambie ukweli. Mche wa pilipili nilioufukia kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni haukusumbua. Nyanya unaweza kuizamisha zaidi, kwa sababu shina lake hutoa mizizi.

Yule aliyecheka nilimpelekea tunda moja jekundu. Hakusema neno, na sikuhitaji aseme. Mbegu mpya sasa zimo ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, pahali pakavu na penye baridi, kwa kuwa joto na unyevu ndivyo vinavyoifupishia mbegu maisha.

Nawe uliyeniandikia, hizo zilizonuka zifukie, lakini nusu iliyobaki ya pakiti usiiguse kwa maji. Toa kumi tu, uzipe mvuke siku mbili, uzifunike kwenye karatasi yenye unyevunyevu, uzihesabu baada ya majuma matatu, kisha uniandikie ni ngapi zimeamka.