Maswali ya Wasomaji: Baharini Naelea, Lamboni Nazama

SWALI: Nilijifunza kuelea chali baharini, Dar es Salaam. Nilipojaribu kwenye lambo huku Bahi, miguu ilizama, na uso ukafuata. Tatizo ni maji au ni mimi?

JIBU: Ni maji. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takribani kilo 1.025, ya lambo, kilo 1 tu. Kwa mwili wenye ujazo wa lita 70, bahari hukubeba zaidi kwa karibu kilo 1.75. Lamboni msaada huo haupo. Miguu hutangulia kwa sababu hewa iko kifuani, ilhali mapaja ni misuli na mifupa.

Nyoosha mikono kupita kichwa, ikiwa ndani ya maji, kisha kunja magoti kidogo. Masikio yazame, macho yatazame angani. Jaza kifua, shikilia kidogo, toa upesi na uvute tena. Wengi huharibu hapa: huinua kichwa wachungulie miguu. Kichwa kikitoka majini, uzito wake wote hukukandamiza chini. Miguu ikizidi kushuka iache ining'inie, chezesha viganja taratibu. Muhimu ni pua na mdomo kubaki juu.

Ila tunakusihi, usijifunzie lamboni. Ukingo uliochimbwa kwa tingatinga unaweza kukutoa kiunoni hadi kukupita kimo kwa hatua moja, tope hunasa nyayo, na maji ya udongo humficha aliyezama karibu tu na uso wa maji. Kichocho nacho kipo. Tafuta bwawa la kuogelea ambalo sakafu yake unaiona, maji yasizidi kifua, na mwalimu awe karibu.

SWALI: Mtu anazama na hakuna ajuaye kuogelea. Tufanyeje?

JIBU: Msimfuate majini; mfamaji hushika chochote, hata shingo ya mwokoaji. Chukueni dumu la lita 20, mbakize maji kama lita moja ili upepo usilipeperushe, kazeni mfuniko, fungeni kamba kwenye mpini. Lirusheni limpite kidogo, kisha mvute kamba hadi limfikie. Alikumbatie kifuani. Anayevuta alale kifudifudi ukingoni asije akaburutwa.

Akitoka hapumui, anzeni na pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpa pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo: hapo atatapika, na matapishi huingia mapafuni.